Feleji ya Mfukoni: Tarikhi ya Kisu cha Kukunja na Mafundi wa Sheffield

Mtu anunuapo kisu cha kukunja hununua vitu viwili kwa bei moja: kile akionacho na kile asichoweza kukiona. Mpini huuona, uwe wa pembe, wa mti au wa shaba. Kamani iliyojificha mgongoni huisikia ikilia kwa mlio mkavu kila ubapa ufungukapo na kufungika. Lakini feleji yenyewe, ambayo kwa ajili yake kisu huitwa kisu, haina rangi ya kuitambulisha wala harufu ya kuifichua, na chuma duni kikisuguliwa kwa bidii hung'aa sawasawa na kilicho bora. Ndipo mnunuzi asiwe na budi ila kusadiki neno, nalo ni lile jina dogo lililogongwa penye shina la ubapa, karibu na mahali uingiapo mpinini, lenye kumwambia ni nani aliyekifua kisu kile na kwa feleji ya namna gani.

Katika zama zetu hizi, kila kitokapo kisu kipya cha mfukoni, wapenzi wa vyombo hivi, ambao si haba huko Marekani na Ulaya, hukipokea kwa shangwe kama watu waliouona mwezi wa Idi. Na swali lao la kwanza haliwi la bei wala la urembo wa mpini, ila hili: feleji yake ni ipi? Hutajiana majina kama S30V na MagnaCut, ambayo kwa masikio ya mtu wa nje ni kama namba za shehena bandarini, wakabishana ni ipi ishikayo makali siku nyingi zaidi, ipi isiyoingiwa na kutu, na ipi isiyokatika ncha. Wako wanaodhani kwamba shauku hii ni upuuzi wa wakati wa sasa. Lakini atakayeifuatia tarikhi yake ataikuta ina umri unaozidi karne mbili na nusu, na ataukuta mji wake wa kuzaliwa, Sheffield wa kaskazini ya Uingereza. Tena ataona jambo moja likijirudia katika kila kizazi, kwamba feleji mpya huwa adha kwa fundi kabla haijawa fahari kwa mnunuzi, na kwamba wa kwanza kuikataa aghalabu ni yule yule ambaye riziki yake imo ndani yake.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba chuma kina daraja. Lugha yetu ina chuma, ina pua, na ina feleji. Na wazee walipoutaja upanga wa feleji walikusudia upanga wa fahari, si kila pande la chuma lililotiwa mpini. Al-Idrisi, aliyekitimiza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika baraza la mfalme Roger wa Sicily, alitaja machimbo ya chuma katika nchi ya Malindi, akaeleza kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa hata Bara Hindi, ambako mafundi walikifua wakatoa panga zilizosifika duniani. Na huko bara, katika nchi ya Buhaya iliyo magharibi ya ziwa kuu, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 ithibati ya kwamba wahunzi wa kale wa nchi ile walipata pua yenye kaboni katika matanuri yao yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, kwa maarifa ya kuutia joto upepo wa mivukuto kabla haujaingia motoni. Basi habari za Sheffield ni sura moja tu ya kitabu kikubwa, ambacho kurasa zake nyingine ziliandikwa kwetu na kwa jirani zetu wa ng'ambo ya bahari.

Kisu cha kukunja chenyewe ni cha kale kuliko mji huo. Huko Hallstatt, katika nchi ya Austria, kimepatikana kisu cha namna hiyo chenye mpini wa mfupa, ambacho umri wake hukadiriwa kuwa miaka mia tano na zaidi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na Warumi nao walikuwa na vyao, vingine vikiwa na mipini ya shaba iliyosubiwa kwa sura za wanyama. Sababu yake haikuhitaji mwanafalsafa kuieleza: kisu cha kawaida chataka ala, na ala yataka mshipi, ilhali kisu cha kukunja mpini wake ndio ala yake. Vile vya kale vilishikwa na mkazo wa msumari peke yake; baadaye ikabuniwa kamani ya mgongoni, ambayo hulisukuma shina la ubapa ili kisu kisijifungue mfukoni wala kisijifunge juu ya vidole vya mwenyewe. Mafundi wa Sheffield walikuwa na kauli yao kwa kisu kilichofungamana vizuri na kamani yake, wakisema kwamba kinatembea na kusema. Na katika siku za kalamu za manyoya hapakuwa na karani wa Ulaya asiye na kisu kidogo cha kuchongea kalamu yake, kama vile waandishi wetu wa hati za Kiarabu walivyohitaji kijembe cha kuchongea kalamu zao za matete.

Sheffield umelala mahali ambapo vijito vya vilimani, Sheaf na Porter, Rivelin na Loxley, hutelemka kwa kasi hata vyote vikaishia katika mto Don. Maji yale yaligeuza magurudumu, magurudumu yakageuza cherehe, na cherehe zenyewe zilichongwa katika mawe ya mchanga ya nchi ile ile. Kuni za makaa zilikuwa misituni, na madini ya chuma yalikuwa ardhini. Kufikia mwisho wa karne ya 14 sifa ya mji ilikwisha kuenea, kwani mshairi Chaucer, alipomsimulia msaga nafaka mmoja mjeuri wa Trumpington, alimvisha kisu cha Sheffield katika soksi yake, wala hakuona haja ya kumweleza msomaji Sheffield ni wapi. Mwaka 1624 Bunge likapitisha sheria iliyoasisi Chama cha Wafua Visu wa Hallamshire, ambalo ndilo jina la kale la wilaya ile, nacho kikapewa mamlaka ya kuwasimamia wanagenzi, kuwaadhibu waghushi, na kuandikisha chapa ya kila fundi, ili mtu aliye mbali apate kumjua kwa alama yake mtu asiyemwona kwa macho.

Lakini chapa ilimdhamini fundi tu, haikuweza kudhamini yaliyo ndani ya chuma. Pua ya siku zile ilipatikana kwa kuzipanga fito za chuma safi ndani ya masanduku ya mawe pamoja na unga wa makaa ya miti, kisha kuzioka kwa juma zima na zaidi, hata chuma kikanywa kaboni polepole kama mkate unyweavyo mchuzi. Chuma kilichopendwa kuliko vyote kwa kazi hiyo kilitoka Uswidi, hususan katika machimbo ya Dannemora, nacho kililetwa kwa merikebu hata bandari ya Hull. Fito zilipotolewa zilikuwa na uvimbe kama ngozi iliyoungua, na kwa ajili hiyo ziliitwa pua ya malengelenge. Nazo, kama mkate ule, zilikuwa zimeloa juu kuliko ndani. Fundi alizikunja na kuzigonga mara nyingi ili kuzisawazisha, lakini hata baada ya taabu hiyo yote ubapa mmoja uliweza kuwa mgumu hapa na laini pale, na mwenye kisu hakulijua hilo ila siku ya haja.

Aliyeiondoa kasoro hii hakuwa mfua visu. Benjamin Huntsman alizaliwa mwaka 1704 katika wilaya ya Lincolnshire, akawa fundi wa saa katika mji wa Doncaster, mtu wa madhehebu ya Quaker na mwenye maneno machache. Naye alichoshwa na kamani za saa zilizokatika kwa sababu pua yake haikuwa sawa mwanzo hata mwisho. Yapata mwaka 1740 alihamia Handsworth, karibu na Sheffield, akaanza majaribio yake kwa siri, akitaka kuiyeyusha pua ya malengelenge hata iwe kama maji, ili kaboni ienee pote na taka zielee juu zipate kuenguliwa. Shida yake kubwa haikuwa chuma, ilikuwa chungu, kwa kuwa palihitajika kalibu ya udongo iwezayo kustahimili joto la nyuzi 1600 za sentigredi pasipo kupasuka. Na inasimuliwa kwamba miaka mingi baada ya kufa kwake watu walifukua ardhini mapande ya pua iliyoharibika, aliyoyazika ili yasije yakaonekana na wenye kupeleleza. Alipofaulu hatimaye, mwaka 1751 alifungua karakana huko Attercliffe, na feleji ya kusubu ikaingia duniani.

Kazi ile, jinsi ilivyoendelea kufanywa kwa zaidi ya karne moja baada yake, ilikuwa na heshima na ukatili wake. Udongo wa kalibu ulikandwa kwa nyayo tupu, saa nyingi, kwani unyayo peke yake ndio uliotambua kijiwe au kiputo cha hewa ambacho kingelipasua chungu motoni. Saa ilipowadia, mtoaji alijifunga magunia yaliyoloweshwa maji miguuni na mikononi, akasimama juu ya shimo la moto, akaidaka kalibu kwa koleo ndefu na kuinyanyua. Na mmiminaji akaipokea, akaimimina feleji katikati ya kalibu nyingine, ya chuma, bila kugusa kingo zake, kwani kugusa ni kuharibu. Hapakuwa na chombo cha kupimia joto. Jicho la mtu ndilo lililokuwa kipimo, na pombe nyepesi, ndoo kwa ndoo, ndiyo iliyorudisha maji mwilini. Katika Abbeydale, kiungani mwa Sheffield, tanuri moja la namna hiyo lingali limesimama zima mpaka leo, na mgeni akitazama matundu yake yaliyopangwa sakafuni hufahamu upesi kwa nini mafundi wale hawakuwa watu wa mzaha.

Mtu angedhani kwamba wafua visu wa Sheffield walimlaki Huntsman kwa ngoma. Hawakufanya hivyo. Feleji yake ilikuwa ngumu kuliko waliyoizoea, ikachosha mikono na kutaka moto wa hadhari zaidi, nao wakaikataa; basi akageuka akawauzia Wafaransa. Wafaransa walipokwisha kuifua, visu vyao vikaanza kuingia Uingereza, vikali na vya kudumu, na hapo ndipo wazee wa Sheffield walipogutuka. Lakini badala ya kuinunua feleji wakamwendea mbunge Sir George Savile wakimtaka aombe amri ya kuzuia isiuzwe nje, naye akakataa kuwa wakili wao. Ndipo walipoinamia nyundo. Kuna pia hadithi nyingine inayosimuliwa sana mjini humo, kwamba mshindani mmoja, Samuel Walker, alijivika matambara ya maskini, akabisha mlangoni mwa karakana usiku wa theluji, akaomba kuota moto, na huku akijifanya amelala akaiiba siri yote kwa jicho moja. Iwe kweli au ni ngano, yatosha kuonyesha jinsi kitu kilichodharauliwa jana kilivyostahiki kuibiwa leo. Muda si muda neno la feleji ya kusubu likawa linagongwa juu ya visu pamoja na jina la fundi, na mnunuzi wa kawaida, asiyejua kalibu ni nini, akajifunza kulitafuta: shauku ya feleji ikawa imezaliwa.

Kisu cha Sheffield hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Mfuaji aliutoa ubapa motoni na kuugonga. Mnoaji akautia makali penye cherehe. Na muundaji akaukutanisha na kamani na mpini, akipima na kutinda mpaka kisu kikatembea na kusema. Wengi wao walikuwa mafundi wadogo wenye kujitegemea, waliopanga chumba chenye dirisha kubwa na meza ya kazi, wakapokea mapande kutoka kwa wafanyabiashara wakubwa na kurudisha visu vilivyokwisha. Waliolipa bei ghali kuliko wote ni wanoaji, waliokaa kama mtu aliyepanda punda, wameinama juu ya jiwe linalozunguka, wakivuta pumzi yenye vumbi la jiwe na la chuma. Hususan wale wa cherehe kavu, kama wanoaji wa uma, ambao katika karne ya 19 walijulikana kwa kufa vijana, wengi wao bila kuufikia umri wa miaka arubaini. Fauka ya hayo jiwe lenyewe liliweza kupasuka ghafla na kumrusha mtu ukutani. Na wanawake walikuwa na sehemu yao, kwani wasichana wa kung'arisha, waliojifunga magazeti na karatasi za kahawia juu ya nguo zao, ndio waliompa mnunuzi ule mng'ao wa kioo ambao huutazama akidhani ni tabia ya chuma.

Adhama ya mji ilifikia kilele chake katika karne hiyo ya 19. Karakana ya Joseph Rodgers, ambayo chapa yake ya nyota na msalaba iliandikishwa tangu mwaka 1682, ilitengeneza mwaka 1822 kisu kimoja chenye bapa 1822, kisha ikaendelea kukiongezea kadiri miaka ilivyoongezeka. Na kwa Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ikaunda kisu cha Norfolk, chenye bapa 75 zilizochorwa kwa ufundi wa kushangaza, ambacho hapana mfuko uwezao kukichukua. George Wostenholm naye, kwa chapa yake ya I*XL, alijenga utajiri kwa kuwauzia Wamarekani, ambao katika nusu ya kwanza ya karne ile walikuwa wakinunua visu vya Sheffield kuliko vya mji mwingine wowote. Mafundi hawa walipenda mipini ya pembe za ndovu, na hapa ndipo hadithi yao igusapo fukwe zetu, kwa kuwa soko kuu la pembe siku hizo lilikuwa Unguja. Misafara ilitoka Manyema na Ujiji na Tabora hata Bagamoyo. Pembe zikapakiwa, nyingine kwenda Bombay, nyingine Marekani kuwa meno ya vinanda, na nyingine kwenda minadani London, ambako wafua visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Huenda basi pande la pembe lililochubua bega la mpagazi katika njia ya Ugogo liliishia mfukoni mwa bwana mmoja wa Manchester, ambaye kila alipomenya tunda alivisifu visu vya Kiingereza.

Fahari haikudumu. Wajerumani wa Solingen na Wafaransa wa Thiers walikuwa mafundi wa tangu zamani; Wamarekani nao walijifunza, na mwaka 1890 ushuru uitwao wa McKinley ukaufunga karibu kabisa mlango ambao utajiri wa Sheffield ulipitia. Katika unyonge huo ndipo ilipotokea feleji nyingine, na kwa mara nyingine mvumbuzi hakuwa mfua visu. Harry Brearley, aliyezaliwa Sheffield mwaka 1871, mtoto wa mchomaji feleji, alikuwa akitafuta chuma kitakachostahimili kulika ndani ya mitutu ya bunduki. Na mwezi wa Agosti mwaka 1913 akasubu feleji yenye kromiamu yapata asilimia 12.8, akaona kwamba tindikali aliyoitumia kuichunguza haiiathiri kama ilivyoathiri nyingine. Fikira zake zikaruka mara moja kutoka bunduki mpaka meza ya chakula, kwani visu vya siku zile viligeuka vyeusi kwa siki na ndimu, na kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na mtumishi wa kuvisugua kila siku.

Wafua visu aliowapelekea wakamrudishia jibu kama lile la baba zao kwa Huntsman: chuma hiki hakifuliki, hakinoleki, hakishiki makali. Mjini wakamwita kwa dhihaka mbuni wa visu visivyokata. Kosa halikuwa la feleji peke yake, kwani ilitaka moto mkali zaidi wakati wa kuigumisha, unaopita nyuzi 1000, na mafundi waliichoma kwa desturi ya feleji ya kale. Ernest Stuart, msimamizi katika karakana ya Mosley iliyokuwamo katika jengo la Portland Works, ndiye aliyesubiri mpaka akafaulu, akaijaribu kwa siki, na akaipa jina la feleji isiyochafuka ambalo Waingereza hulitumia mpaka sasa. Vita vya mwaka 1914 vikaichukua feleji hiyo kwa vali za injini za ndege, na visu vikangoja amani. Jengo la Portland Works limesimama hata leo. Mwaka 2013 wananchi walichangishana wakalinunua wenyewe, na nyundo na mashine zingali zikilia ndani yake.

Huko Uswisi, Karl Elsener, ambaye karakana yake ilianza kulipatia jeshi la nchi visu vya kukunja mwaka 1891, alikuwa ameiita bidhaa yake Victoria kwa kumkumbuka mama yake. Na mwaka 1921, feleji isiyoshika kutu ilipoingia, jina lake la Kifaransa, inox, likaunganishwa na la mama yule, likawa Victorinox. Sidhani kama kuna ithibati nzuri zaidi ya heshima ambayo feleji imeipata katika biashara hii, maana si kila bidhaa ikubaliwayo kukaa jina moja na mzazi. Hata hivyo wako ambao hawakuiacha feleji ya kaboni: visu vya Opinel, vilivyoanza Savoie mwaka 1890 kwa mpini wa mti na ubapa mmoja, huuzwa mpaka leo kwa namna zote mbili, na mpenzi wa kaboni atakuambia kwamba kutu ni kodi ndogo kwa mtu apendaye kisu chepesi kunoleka. Mabishano yasiyokwisha, ya kutu na makali, yalianzia hapo.

Baada ya vita vya pili usukani wa shauku ulihamia Marekani. Mwaka 1964 ilitoka Buck 110, ambayo ubapa wake ukifunguka hujifunga imara kwa kabari ya mgongoni. Na mwaka 1981 Spyderco wakatoa kisu chenye tundu la duara katika ubapa ili kifunguliwe kwa kidole gumba, na kibanio cha kukining'iniza ukingoni mwa mfuko. Lakini mageuzi makubwa zaidi yalikuwa ndani ya chuma. Feleji ikisubiwa na kupoa polepole, zile punje ngumu zinazozaliwa na kaboni na madini mengine, wenyewe huziita kabaidi, hukua na kukusanyika kama mawe katika wali usiopembuliwa, na ubapa huvunjika pale zilipo. Wataalamu wa Uswidi na wa Marekani walipata dawa karibu wakati mmoja: feleji iliyoyeyuka hupitishwa katika tundu jembamba, ikapigwa na gesi yenye nguvu hata ikatawanyika kuwa matone madogo mno, ambayo hupoa kabla punje hazijapata nafasi ya kukua; unga huo hujazwa katika mkebe, ukashindiliwa kwa moto na kani, ukawa pande moja tena. Kampuni ya Marekani iliyosifika kwa kazi hiyo iliitwa Crucible, iliyoanzishwa mwaka 1900 kwa kuunganisha watengenezaji wa feleji ya kusubu, na maana ya jina hilo ni kalibu, chungu kile kile cha Huntsman.

Mwaka 2001 Crucible ikaleta S30V, iliyotungwa kwa ajili ya visu, pamoja na shauri la mfua visu Chris Reeve. Wanunuzi wakafurahi, wanoaji wakaguna, kwa kuwa kabaidi za vanadiamu zilizomo ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea, zikala mikanda yao na kuukataa mng'ao. Mwaka 2021 ikafuata MagnaCut ya Larrin Thomas, mtaalamu wa madini na mtoto wa mfua visu, ambaye aliitunga hesabu yake ili kromiamu yote, yapata asilimia 10.7, ibakie imeyeyuka ndani ya chuma ikipigana na kutu, isiishie katika kabaidi kubwa zinazoudhoofisha ubapa. Kromiamu hiyo ni pungufu ya ile ya Brearley, na kinga yake ni kubwa zaidi. Tangu hapo hapana kisu kipya kitangazwacho kwa feleji hiyo kisichopata wapenzi wa kukigombania.

Mwaka huo huo wa 2021 alifariki Stan Shaw, aliyeingia uanagenzi Sheffield mwaka 1941 akiwa na miaka 14, na aliyeunda visu vya kukunja kwa mkono kwa miaka karibu themanini, ubapa, kamani na mpini, peke yake katika chumba cha kazi. Wateja walingoja miaka kupata kimoja. Na mwisho wa mwaka 2024 Crucible ikafilisika; mwaka uliofuata sehemu ya mali yake ikanunuliwa na Erasteel, shirika ambalo unga wake wa feleji hutengenezwa Söderfors, katika Uppland ya Uswidi, jimbo lile lile la machimbo ya Dannemora ambayo chuma chake kilishushwa Hull ili Huntsman apate kukiyeyusha. Feleji imezunguka dunia miaka mia tatu kasoro, ikarudi karibu na shimo ilikotoka.

Wahenga wetu walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na walisema kweli. Ila methali hiyo ilimtaja mwenye kisu na ikaitaja nyama. Aliyekanda udongo kwa unyayo, aliyesimama juu ya shimo akiwa na gunia bichi, na aliyeinama penye cherehe mpaka kifua kikajaa jiwe, hao haikuwataja. Majina yao hayakugongwa juu ya ubapa. Lakini mtu akikifungua kisu chake kipya leo, akakisikia kikitembea na kusema, ni wao wanaosema.